Buluu ya Prusia ndani ya alikali: kichocheo ni kipi hasa?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika kemia, niko Mbeya. Nimetengeneza heksasianoferati ya nikeli, ambayo ni mmoja wa ndugu wa buluu ya Prusia. Nimeipaka juu ya sponji ya nikeli, nikaitumia kutoa oksijeni kwenye maji ndani ya KOH (haidroksaidi ya potasiamu) ya mola 1 kwa lita. Mkondo ulikuwa mzuri, tena ulizidi kupanda kila nilipozungusha volteji, yaani kuipandisha na kuishusha. Lakini elektrolaiti imegeuka njano, na elektrodi ilipopimwa kwa eksirei baada ya jaribio, vilele vyote vya fuwele zangu vilikuwa vimetoweka. Msimamizi wangu anasema niandike tu kwamba buluu ya Prusia ni kichocheo bora cha kutoa oksijeni. Je, ni sahihi? Na kama si sahihi, kazi yangu imeharibika? Maabara yetu ina potenshiostati (kifaa cha kuongoza volteji ya elektrodi), spektrofotomita (ya kupima mwanga unaofyonzwa) na kifaa cha infraredi. Eksirei tunaomba chuo kingine."

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kilichokupa oksijeni si buluu ya Prusia. Ni haidroksaidi ya nikeli yenye chuma kidogo ndani yake, iliyozaliwa humo humo kwenye seli yako pale fuwele ulizotengeneza zilipovunjika. Ushahidi umeuandika wewe mwenyewe ndani ya swali: njano, vilele vilivyopotea, na mkondo unaopanda kila mzunguko. Msimamizi wako hayuko peke yake. Makala yenye vichwa vya namna hiyo ni mengi sana, na wingi wake haulifanyi dai liwe kweli. Kazi yako haijaharibika. Imehama tu kutoka pale ulipodhani iko.

Tuangalie kwanza mifupa ya kitu chenyewe. Buluu ya Prusia ni rangi iliyopatikana Berlin mnamo mwaka 1706 hivi, mtengeneza rangi aitwaye Diesbach alipotaka nyekundu akapata buluu, kwa kuwa potasi aliyoitumia ilikuwa imechafuliwa na mafuta yaliyotokana na wanyama. Watu waliipaka kwenye picha kwa zaidi ya miaka 250 kabla ya mpangilio kamili wa atomu zake kuthibitishwa kwa fuwele moja moja, kazi iliyochapishwa mwaka 1977 na Buser, Ludi na wenzao. Kila atomu ya chuma imezungukwa na sianidi 6. Upande wa kaboni wa kila sianidi unashika chuma hicho, upande wa nitrojeni unashika metali ya pili, na mnyororo huo unaendelea pande zote mpaka vinatokea vyumba vya mchemraba vilivyopangana, ukingo wa kila mchemraba kamili ukiwa karibu nanomita 1. Ukiiondoa metali ya pili ukaweka nikeli, kobalti, shaba, manganizi au zinki, unapata ndugu mwingine wa ukoo huo huo.

Sasa, mishiko hiyo miwili hailingani nguvu. Kaboni na chuma vimeshikana kwelikweli: uthabiti wa ayoni ya heksasianoferati ni wa daraja la 10³⁵ na zaidi. Ndiyo maana ferosianidi ya potasiamu huruhusiwa kuwekwa kwenye chumvi ya mezani, kwa jina la E536, ili isigandamane, ingawa ina sianidi 6 kwa kila molekuli. Nitrojeni kwa upande wake inaishika nikeli kwa ulegevu. Akitokea mwingine anayeipenda nikeli zaidi, nikeli itaondoka, na kile kipande cha chuma na sianidi zake kitabaki kizima lakini bila makazi.

Katika KOH ya mola 1, mwingine huyo ni OH⁻, ayoni ya haidroksaidi. Haidroksaidi ya nikeli huyeyuka kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo palipo na OH⁻ nyingi kiasi hicho nikeli haina sababu ya kubaki kwenye nitrojeni. Inageuka Ni(OH)₂ pale pale ilipokuwa, na ayoni ya heksasianoferati inatoka kwenda kwenye mmumunyo. Kama ulianza na ferosianidi, ikitoka haina rangi ya kuonekana sana, lakini inapogusa anodi inapoteza elektroni moja na kuwa ferisianidi. Ferisianidi ni njano. Kwa hiyo ulipoona elektrolaiti inageuka rangi, ulikuwa unauona ukuta wa nyumba yako ukielea kwenye maji.

Hili unaweza kulipima kwa spektrofotomita yenu bila kumwomba mtu chochote. Ferisianidi hufyonza mwanga kwenye nanomita 420, na uwezo wake wa kufyonza ni karibu lita 1000 kwa mola kwa sentimita. Chukua mfano: miligramu 1 ya KNi[Fe(CN)₆] ina takriban mikromoli 3 za heksasianoferati. Ikitoka yote ndani ya mililita 30 za elektrolaiti, utapata mkusanyiko wa mola 0.0001 kwa lita, na kwenye kijiseli cha sentimita 1 kipimo kitasoma karibu 0.1. Namba hiyo inasomeka bila taabu. Chukua sampuli kidogo kabla ya kuwasha umeme, halafu kila baada ya muda fulani, uchore mstari wa kiasi kilichotoka dhidi ya muda. Kisha fanya tena jaribio hilo bila umeme kabisa, elektrodi ikiwa imezama tu kwenye KOH. Ukianza na ferisianidi utaona njano inatokea hata bila mkondo, na hapo utakuwa umethibitisha kwamba anayevunja nyumba ni alikali yenyewe. Umeme unaharakisha tu.

Infraredi itakusaidia upande wa pili. Sianidi ina mlio wake kati ya 2000 na 2200 kwa sentimita, eneo ambalo vitu vingine vichache mno huingilia. Kwangua unga kutoka kwenye elektrodi kabla na baada. Mlio ukipungua au ukizimika, una jibu. Eksirei peke yake isikutoshe, kwa sababu kutoweka kwa vilele kwenye digrii 17.4, 24.7 na 35.2 hivi kunakuambia tu kwamba mpangilio wa fuwele umepotea. Sianidi ingeweza kubaki ndani ya kitu kisicho na mpangilio. Vipimo viwili pamoja ndivyo vinavyofunga mjadala.

Na potenshiostati yenyewe ilikwisha kukuambia, ila hukuwa unaisikiliza. Tazama upya mizunguko yako ya voltametria, yaani grafu za mkondo dhidi ya volteji, kwenye eneo la volti 1.35 hadi 1.45 dhidi ya elektrodi ya haidrojeni. Bila shaka kuna kilele pale, na bila shaka kimekua mzunguko hadi mzunguko. Hicho ni nikeli ya daraja la 2 ikipanda kwenda daraja la 3 ndani ya haidroksaidi. Kukua kwake ni hesabu ya nikeli inayohama kutoka kwenye sianidi kwenda kwenye OH⁻, na mkondo wa oksijeni umekuwa ukipanda sambamba nacho. Watafiti wenye vyombo vikubwa wamelifuatilia jambo hili kwa kuipima elektrodi ikiwa kazini. Kazi moja inayotajwa sana, iliyotoka mwaka 2018 katika Journal of the American Chemical Society, ilionyesha kwamba heksasianoferati ya nikeli hugeuka kwanza kuwa haidroksaidi ya nikeli, na haidroksaidi hiyo ikipoteza protoni zake ndiyo inayofanya kazi.

Hapa kuna kitendawili ambacho ningependa ukikalie, maana ndicho chenye utamu. Kila mtu anajua kwamba nikeli yenye chuma hutoa oksijeni vizuri kuliko nikeli tupu. Mwandishi wa kawaida atasema: kitu changu kilikuwa na nikeli na chuma, kwa hiyo nimepata oksihaidroksaidi ya nikeli na chuma, kwa hiyo mkondo ni mzuri. Lakini subiri. Chuma kilichokuwa kwenye fuwele zako kimeondoka kikiwa kimekumbatiwa na sianidi 6, na umekiona kikielea kwa rangi ya njano. Kama kimeondoka, chuma kilichomo kwenye haidroksaidi yako kimetoka wapi?

Kwa sehemu kubwa huenda kimetoka kwenye chupa ya KOH. KOH ya kawaida ya maabara, hata ile iliyoandikwa kuwa safi, ina chembe za chuma, na haidroksaidi ya nikeli inazinyonya kwa uroho. Corrigan alionyesha athari ya chuma kidogo kwenye elektrodi za nikeli mwaka 1987. Mwaka 2014 kundi la Boettcher huko Oregon, Marekani, likaonyesha kwamba ukiisafisha KOH barabara, haidroksaidi ya nikeli inakuwa kichocheo dhaifu cha oksijeni, na ukiirudisha kwenye KOH isiyosafishwa inapata nguvu. Yaani sehemu ya sifa ambayo vitabu viliipa nikeli kwa miongo mingi ilikuwa ya uchafu wa chuma. Namna yao ya kusafisha haihitaji fedha: unatengeneza mashapo ya Ni(OH)₂ kutoka kwenye chumvi safi ya nikeli, unayatikisa ndani ya KOH yako, unayaacha yanyonye chuma, kisha unayatenga kwa mashine ya kuzungusha na kuichukua KOH ya juu. Tumia chupa za plastiki. Kioo huyeyuka polepole ndani ya alikali na kurudisha uchafu.

Kwa hiyo una swali la utafiti lililo bora kuliko lile ulilokuwa nalo. Je, chuma kilichomo kwenye kichocheo chako kilitoka kwenye heksasianoferati au kwenye elektrolaiti? Rudia jaribio kwenye KOH iliyosafishwa na isiyosafishwa, uweke matokeo bega kwa bega. Halafu fanya lile ambalo wengi hulikwepa: badilisha kiti cha kichocheo. Sponji ya nikeli nayo ni nikeli. Ndani ya KOH inaota haidroksaidi yake yenyewe, inanyonya chuma chake yenyewe, inatoa oksijeni yake yenyewe, tena ina eneo kubwa mno lililojificha ndani ya vitundu, wakati wewe unagawanya mkondo kwa sentimita mraba za nje tu. Kwenye sponji hutajua kamwe mkondo ni wa nani. Hamia kwenye kaboni ya kioo au karatasi ya kaboni, ukikumbuka kwamba kaboni nayo huliwa polepole kwenye volteji za juu, kwa hiyo usikae huko saa nyingi.

Kila elektrodi yako iwe na wenzake wa kulinganisha. Kaboni tupu. Ni(OH)₂ iliyotengenezwa moja kwa moja, yenye moli zile zile za nikeli. Na haidroksaidi ya tabaka ya nikeli na chuma, iliyotengenezwa kwa kuchanganya chumvi mbili na alikali, kazi ya mchana mmoja. Huyu wa mwisho ndiye mpinzani wako halisi. Akitengenezwa vizuri hutoa miliampea 10 kwa sentimita mraba kwa volteji ya ziada (juu ya kiwango cha chini cha kinadharia) ya milivolti 250 hadi 300 hivi, kwa bei ndogo na bila sianidi. Ukimshinda, una la kusema. Usipomshinda, useme pia.

Tahadhari moja ya kiufundi kabla sijasahau: usitumie elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha kwenye KOH ya mola 1. Inayumba na inachafua. Tumia ya zebaki na oksaidi ya zebaki, na uipime kabla na baada ya jaribio. Nimeona makala ambamo tofauti nzima iliyoshangiliwa ilikuwa milivolti 20, na elektrodi rejea ingeweza kuhama kiasi hicho bila mtu kujua.

Sasa, je, kuna maana yoyote ya kuanza na buluu ya Prusia kama mwisho wake ni haidroksaidi? Ipo, ila lazima ithibitishwe. Fikiria mbao za fomu ambazo mafundi hufunga ili wamwage zege: zege likishika mbao zinatolewa, na nguzo inabaki na umbo la mbao. Fuwele zako zilikuwa vimchemraba vya nanomita mamia kadhaa, ambamo kila nikeli ilikuwa imetengwa na mwenzake kwa umbali sawa. Zinapogeuka kuwa haidroksaidi, mara nyingi vimchemraba vinabaki na umbo lao huku ndani vikiwa vimejaa vitundu pale heksasianoferati ilipotoka. Hicho ni kitu tofauti na haidroksaidi iliyogandamana ovyo kwenye bika. Lakini ili uliseme hilo lazima upime eneo halisi linalofanya kazi, na uonyeshe mkondo kwa kila atomu ya nikeli iliyo hai. Mkondo kwa sentimita mraba ya nje hautoshi. Chaji iliyo chini ya kile kilele cha nikeli itakupa makadirio ya idadi hiyo. Jaribu hivyo. Mara nyingi ubora unaodaiwa huyeyuka na kubaki suala la eneo tu, na eneo kubwa si dhambi, ila liitwe kwa jina lake.

Kwa maneno ya makala yako, basi: andika kwamba heksasianoferati ya nikeli ni malighafi ya kichocheo, na kwamba kichocheo chenyewe ni haidroksaidi inayotokana nayo ndani ya alikali. Mwambie msimamizi wako kwa adabu kwamba mhakiki mzuri atauliza njano ilitoka wapi, na ni heri jibu liwe kwenye ukurasa wa pili kuliko kwenye barua ya kukataliwa. Neno hilo, kwa uzoefu wangu, huwaingia wasimamizi haraka kuliko nadharia.

Usiondoke hata hivyo ukidhani kwamba ukoo huu haufai kwa uchochezi. Unafaa, ila si kwenye alikali kali. Mfano ninaouheshimu ni heksasianoferati ya kobalti katika maji yasiyo na asidi wala alikali. Mwaka 2013 kundi la Galán-Mascarós huko Tarragona, Hispania, lilionyesha kwamba kitu hicho hutoa oksijeni kwenye pH 7 kwa majuma bila kuvunjika. Baadaye kundi hilo na washirika wake waliitengeneza kwa kuzamisha utando wa haidroksaidi-kabonati ya kobalti ndani ya ferisianidi, ili ishike vizuri zaidi kwenye elektrodi, na ikastahimili hata asidi. Hilo la asidi si dogo, kwa sababu oksaidi za kobalti zenyewe huyeyuka humo. Kundi la Karadas katika Chuo Kikuu cha Bilkent, Ankara, limeendelea na kobalti hiyo hiyo kwa kubadilisha vipande vya sianidi vinavyoizunguka.

Hapo kichocheo ni buluu ya Prusia kweli, na inawezekana kueleza kazi inafanyika wapi. Chuma kimezingirwa na sianidi pande zote 6, hakina nafasi ya kupokea maji. Kobalti ndiyo yenye nafasi. Katika fuwele hizi baadhi ya vipande vya heksasianoferati huwa havipo: katika buluu ya Prusia yenyewe robo ya vipande hivyo haipo, na katika M₃[Fe(CN)₆]₂ theluthi. Kila pengo linaacha metali zinazolizunguka zikiwa na maji mahali pa nitrojeni, na maji hayo, hasa yaliyo juu ya uso, ndiyo yanayonyang'anywa elektroni na protoni mpaka oksijeni itoke. Kwa hiyo mwenye kutengeneza fuwele kamili mno anajipunguzia vituo vya kazi. Bei yake unaijua: kitu hiki hupitisha umeme kwa shida, utando ukiwa mnene sehemu kubwa yake inalala, na volteji ya ziada ni kubwa kuliko ile ya alikali. Lakini ukipata miliampea chache kwenye pH 7, utakuwa unazungumza habari ya kitu kilichopo.

Mahali ukoo huu unapotawala hasa ni kwenye upimaji wa peroksaidi ya haidrojeni, na kwa maabara kama yenu hapa ndipo ningekusukuma. Itaya na wenzake walionyesha miaka ya 1980 kwamba buluu ya Prusia iliyopakwa kwenye elektrodi hupunguza oksijeni na peroksaidi. Miaka ya 1990 Karyakin huko Moscow akaijenga kuwa kipimo cha sukari. Kimeng'enya kinachokula glukosi hutoa peroksaidi, na buluu ya Prusia huipokea kwenye volti karibu 0 dhidi ya fedha na kloridi ya fedha. Uzuri uko kwenye hiyo sifuri. Ukiipima peroksaidi kwa platinamu unalazimika kupanda mpaka volti 0.6 hivi, na huko vitamini C, asidi ya yuriki na panadoli aliyomeza mgonjwa vyote vinachangia mkondo. Kwenye sifuri vinanyamaza. Karyakin aliiita buluu hii peroksidesi ya bandia, yaani kimeng'enya bandia cha peroksaidi, na jina limeshika.

Na hapo utamkuta adui yule yule. Peroksaidi inapopokea elektroni huacha OH⁻. Ukiipima kwa muda mrefu, OH⁻ hizo hujikusanya kwenye uso wa utando na kuuyeyusha, hata kama mmumunyo wa nje uko kwenye pH 7 na una bafa ya kuizuia pH isibadilike. Dawa moja iliyofanya kazi ni kufunika buluu ya Prusia kwa tabaka za heksasianoferati ya nikeli, ambayo haichochei peroksaidi lakini ni imara zaidi kwenye pH hizo. Yaani kitu ulichokwisha kukitengeneza, kilichokufa kwenye KOH, ndicho kinachotumika hapa kama mlinzi. Tumia bafa yenye potasiamu. Kila chuma kinapopokea elektroni, lazima ayoni moja chanya iingie kwenye vyumba ili kusawazisha chaji, na potasiamu inaingia bila shida huku sodiamu, ikiwa imevaa maji yake mengi, ikikwama mlangoni kwenye buluu ya kawaida. Mwenye kupima kwenye bafa ya sodiamu tupu huona kipimo kinachoka na kulaumu kimeng'enya.

Mlango huo huo wa ayoni ndio ulioleta betri. Mwaka 2011 Wessells, Huggins na Cui huko Stanford walionyesha elektrodi ya heksasianoferati ya shaba iliyobakiza asilimia 83 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa na kutumiwa mara 40,000. Ina uwezo mdogo, miliampea-saa 60 hivi kwa gramu, lakini uvumilivu wake ulishtua watu. Mwaka uliofuata kundi la Goodenough likaileta kwenye betri za sodiamu, na mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ikatangaza betri ya sodiamu yenye buluu iliyojazwa sodiamu mpaka ikawa nyeupe, ya wati-saa 160 kwa kilo. Shida yao kubwa ni maji: yale yale yanayokaa kwenye mapengo, ambayo kwenye uchochezi ni rafiki, kwenye betri ya sodiamu isiyo ya maji ni sumu, na inabidi yakaushwe kwa bidii. Biashara yake haijatulia pia; Natron Energy ya Marekani, iliyojengwa juu ya teknolojia hii, ilifunga shughuli mwaka 2025. Sisi wa Afrika Mashariki tuna Ziwa Magadi na Ziwa Natron, kwa hiyo sodiamu si haba kwetu, lakini sodiamu haijawahi kuwa kikwazo. Kikwazo ni kiwanda.

Kuna njia nyingine mbili nitazigusa tu. Moja ni kuichoma buluu ya Prusia bila hewa, nitrojeni na kaboni ya sianidi zikageuka kuwa gamba la kaboni linalozunguka chembe za metali. Nyingine ni kuipitishia fosforasi au salfa ili iwe fosfidi au salfaidi. Zote zinatoa vichocheo vizuri vya haidrojeni na oksijeni, na zote zina swali lile lile: fosfidi nayo ikiwekwa kwenye anodi ndani ya KOH hugeuka haidroksaidi juu yake. Uliza kila mara kilichopo mwisho wa jaribio.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Sehemu ya kwanza ya tasnifu iwe jinsi heksasianoferati ya nikeli inavyogeuka kwenye KOH, kwa vipimo vya nanomita 420, infraredi na kile kilele cha nikeli, pamoja na suala la chuma cha elektrolaiti. Haina gharama na wachache wameifanya kwa utulivu. Sehemu ya pili, shusha pH. Pima kitu chako kwenye bafa ya fosfati ya potasiamu yenye pH 7, uone njano haitoki, kisha kitumie kulinda utando wa buluu ya Prusia kwenye kipimo cha peroksaidi. Sura mbili, ukoo mmoja, na pH kama uzi unaoziunganisha.

Mwisho, usalama, kwa sababu neno sianidi linatisha watu na wakati mwingine linatisha mahali pasipostahili. Huko Geita na migodi mingine ya dhahabu wanatumia sianidi ya sodiamu, iliyo huru, na wanalazimika kuweka pH juu ya 10 ili gesi isitoke. Yako imefungwa kwenye chuma. Buluu ya Prusia yenyewe walipewa watu 46 kama dawa baada ya ajali ya sezi (cesium) ya mionzi huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ili iinase sezi tumboni. Lakini kifungo hicho kina mipaka miwili. Asidi kali, hasa ya moto, huachilia gesi ya sianidi, na mwanga wa jua wenye urujuanimno huivunja ferisianidi polepole ndani ya maji. Kwa hiyo ile elektrolaiti ya njano usiimwage kwenye sinki, usiineutralishe kwa asidi kali, na usiiache dirishani. Iweke kwenye chupa nyeusi ya plastiki ikiwa bado ina alikali yake, iandikwe ferisianidi kwa herufi kubwa, ikae mbali na kabati la asidi mpaka mtu wa taka za kemikali aichukue. Na yeyote akija na wazo la kusafisha elektrodi kwa kuichemsha kwenye asidi ya nitriki, mtoe nje ya maabara kwanza, umweleze baadaye.